Banda la vioo futi 6 kwa 8: niipasheje joto asumini msimu wa baridi bila bili kuniua?

BiAsumini, Milton Keynes, Uingereza

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri kwa wanaolima kwenye baridi kama mimi, maana mwaka jana nililia.

Nina banda la vioo nyuma ya nyumba. Ni dogo, futi 6 kwa 8, fremu ya alumini, kioo cha tabaka moja, na uzio wa jirani unalizuia jua la asubuhi. Ndani kuna vichaka viwili vya asumini, mgomba mfupi, mpapai niliouotesha kwa mbegu za papai la dukani, mndimu, mchaichai ulioanza na vijiti vitatu vya duka la Wahindi nikavitia kwenye glasi ya maji, na ndoo nne za manjano na tangawizi.

Asumini ndiyo roho yangu. Binti yangu anaolewa Julai, inshallah, na nimemwahidi bibi yake aliyeko Unguja kwamba siku hiyo mjukuu wake atavaa vikuba, yaani vishada vya maua, vya asumini iliyochumwa asubuhi ileile. Si maua ya plastiki, na si ya duka la maua yasiyo na harufu.

Mwaka jana nilianza na hita ya feni ya wati 2,000. Nilipitisha ekstensheni kwenye dirisha la jikoni, nikaiweka nyuzi 15. Bili ya Januari ikapanda pauni 130 juu ya kawaida yetu. Mume wangu hakusema neno, aliiweka tu juu ya meza ya chakula na ikakaa pale siku mbili. Nikaizima, nikaleta hita ya mafuta ya taa. Vioo vikatoka jasho hadi maji yakawa yanadondokea majani, na haikupita wiki mbili ukungu wa kijivu ukaingia kwenye mndimu na mpapai. Usiku mmoja wa Februari mafuta yakaisha nimelala. Asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi 1. Mgomba ulikuwa umelainika kama uliochemshwa, na asumini moja ikapukutisha majani yote. Nilisimama mlangoni na koti juu ya gauni la kulalia, nikalia kama niliyefiwa.

Alhamdulillahi, ile asumini ilichipua tena Mei, na mgomba ukatoa chipukizi. Lakini sasa ni mwisho wa Oktoba na usiku wa jana ulishuka hadi nyuzi 4. Nifanye nini safari hii?

FundiWaya, Birmingham

Shikamoo mama. Mimi ni fundi umeme. Maua siyajui, ila hesabu ya joto naijua, na ukiiona utaelewa kwa nini bili ilikuwa vile.

Banda lako lina kama mita 18 za mraba za kioo, kuta na paa pamoja. Kioo cha tabaka moja hupoteza karibu wati 6 kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ndani inayozidi nje. Zidisha: wati 108 kwa kila nyuzi. Nje ikiwa nyuzi 3 chini ya sifuri na wewe unataka 15, tofauti ni nyuzi 18, yaani unahitaji wati 1,944. Hita yako ya 2,000 haipumziki hata dakika. Usiku wa saa 14 ni uniti 27 (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja), na kwa peni 25 hivi kwa uniti, hizo ni karibu pauni 7 kwa usiku mmoja. Na hapo sijahesabu upepo unaopenya kwenye nyufa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza hita gani, ziba. Nunua ile plastiki ya mapovu, chagua yenye mapovu makubwa, ibandike kwa ndani kwa vibanio vya fremu. Inapunguza joto linalotoroka kwa theluthi moja au zaidi. Nyufa za mlango na za madirisha ya paa tia utepe wa sponji.

Jambo la pili, na hili nakuomba kama mwanao: ekstensheni ya dirishani iondoe leo. Bandani kuna maji chini, maji vioo vizima, na mikono yako imelowa. Mwite fundi umeme aliyesajiliwa akuvutie waya wenye ganda la chuma, akuwekee soketi ya kuhimili maji na swichi inayokata umeme papo hapo ukivuja. Nimeshaitwa mahali ambapo plagi ya bustanini ilikuwa imeyeyuka.

Kijana_wa_Makete

Shikamooni wakubwa. Huku kwetu Makete, Tanzania, mwezi wa sita na wa saba umande unaganda kwenye majani ya viazi, kwa hiyo shida ya mama naielewa. Mbona hakuna anayetaja jiko la mkaa? Nyumbani tunalelea vifaranga kwa jiko la mkaa na chumba kinakuwa na joto hadi asubuhi. Gunia moja la mkaa si litamaliza mwezi?

FundiWaya

Mdogo wangu, wazo lako limetoka kwenye moyo mzuri, lakini hapa hapana, na usiku mama asiliingie banda lenye jiko hata kwa dakika moja. Mkaa unatoa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, mtu anasinzia tu. Chumba cha vifaranga huwa kina upenyo wa hewa kila upande, na bado watu wamekufa kwa kulala na jiko ndani. Banda hili tumetoka kumwambia alizibe lisipitishe hewa.

Kijana_wa_Makete

Nimekuelewa kaka. Asante. Nitamwambia na mama yangu aache dirisha la banda la vifaranga wazi.

MzeeWaShambani, Leicester

Bi Asumini, pole sana. Mimi nalima kwenye vioo mwaka wa 22 sasa, na kilio chako nakijua. Msimu wangu wa kwanza niliua migomba mitatu na mti mmoja wa kahawa.

Kosa lako si hita, ni kwamba ulitaka kupasha joto mimea yote kana kwamba yote ina haja moja. Ipange kwanza.

Manjano na tangawizi hazitaki joto lako hata kidogo. Zinalala. Majani yakigeuka njano mwezi huu acha kumwagilia, kata mabua, ingiza ndoo ndani ya nyumba chini ya ngazi au kabatini, udongo mkavu. Machi unaziamsha. Ndoo nne hizo zinakula nafasi na umeme bila faida.

Mchaichai gawa. Shina moja dirisha la jikoni, lingine bandani kama bima. Ukiwa mkavu unavumilia hadi nyuzi 5 hivi.

Mgomba unaacha kukua joto likishuka chini ya 14. Ukiupa 15 mwezi wa Desemba unalipia kitu ambacho haukitumii, kwa sababu mwanga haupo. Hapa jua linachomoza saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10. Joto bila mwanga linazaa majani marefu, membamba, manyonge. Uache ulale kwa nyuzi 10 au 11, udongo karibu mkavu. Kinachoua mgomba na mpapai huku mara nyingi ni mizizi baridi iliyolowa. Inaoza chini, wewe juu unaona majani tu yanalegea, unadhani una kiu, unaongeza maji. Mpapai nakwambia ukweli, ndio wenye hatari kuliko yote. Kama una nafasi sebuleni penye dirisha la kusini, uingize.

Zilizobaki ni asumini mbili, mndimu na mgomba. Hizo hazihitaji banda zima. Hapo ndipo siri ilipo: jenga chumba ndani ya chumba. Kona iliyo mbali na mlango, upana mita moja, kina sentimita 80, kimo mita moja na nusu. Fremu ya mbao, plastiki ya mapovu tabaka mbili pande zote na juu, pazia la mbele la kufungua. Chini tandika bao la povu gumu la kuzuia joto, vyungu visikae kwenye zege. Ndani ya hicho kijumba weka hita ya bomba, ile ndefu isiyo na feni, wati 300, na themostati yake (kidude cha kuiwasha na kuizima hita kufuata joto) kwenye kimo cha majani. Weka nyuzi 12. Asumini ikiwa 12 haitatoa ua, lakini haitamwaga majani.

Mafuta ya taa nayo uyasamehe. Kila lita inayoungua inaacha karibu lita moja ya maji hewani. Ndiyo yale maji yaliyokuwa yanakudondokea, na ndiyo chakula cha ukungu wa kijivu. Hata kwa umeme, siku yenye jua fungua pazia na dirisha la paa saa 6 mchana kwa nusu saa, hewa ibadilike. Mwagilia asubuhi tu, kidogo, na majani yaliyokufa yaokote kila siku usiyaache yaozee juu ya udongo.

Siku ukipata nafasi nenda bustani ya mimea ya Kew, London, uingie lile jumba la vioo la minazi (Palm House) lililojengwa kati ya 1844 na 1848. Zamani lilipashwa joto kwa makaa ya mawe, matanuri yakiwa chini ya sakafu na moshi ukipitishwa kwenye handaki hadi mnara ulio mbali. Wenye mali zao waliweza kulipasha jumba zima. Sisi tupashe kona.

MamaZuhura, Minneapolis, Marekani

Jamani nyuzi 3 chini ya sifuri ninyi mnaita baridi! Huku usiku wa Januari unafika 25 chini ya sifuri. Mimi banda langu nalifunga Oktoba, kila kitu kinashuka chumba cha chini ya nyumba na taa za LED saa 12 kwa siku. Dada, kama una chumba kisichotumika, fikiria hilo kwa asumini moja angalau. Usiweke zote mahali pamoja.

Nilitaka kumwambia kuhusu mapipa. Nimesoma sehemu nyingi kwamba pipa jeusi la lita 200 lililojaa maji linahifadhi joto la mchana, na kuna wanaowasha mishumaa chini ya chungu cha udongo. Mzee unasemaje?

MzeeWaShambani

Mapipa ninayo mawili, nayapenda, lakini nisikudanganye. Pipa la lita 200 likipoa kwa nyuzi 10 linatoa joto la uniti 2.3. Ni kitu hicho. Lakini ili lipoe nyuzi 10 usiku, lazima jua liwe limelipasha nyuzi 10 mchana, na jua hilo Desemba ya Uingereza halipo. Pipa linafanya kazi Oktoba, halafu tena kuanzia Machi. Kwa Bi Asumini litamla nafasi ya vyungu vitatu.

Mshumaa mmoja unatoa kama wati 80. Chungu ukikiweka juu kinapata moto kukigusa, ila joto ni lile lile la mshumaa, halizidi. Na moto karibu na plastiki ya mapovu mimi siutaki.

BiAsumini

Ndugu zangu, narudi Januari 19 na habari, maana si vizuri mtu kuuliza akanyamaza.

Fundi alikuja, waya umefukiwa, soketi ipo ukutani. Nilimlipa kwa zile pesa nilizokuwa nimeziweka kwa pazia jipya la sebuleni, na sijutii. Mume wangu ndiye aliyejenga kijumba cha ndani, kwa mbao za kitanda cha zamani cha mtoto. Kimekuwa sentimita 95 badala ya mita, asumini zimebanana lakini zimeingia. Manjano zimelala kabatini na viatu.

Nilinunua kile kipimo cha uniti kinachochomekwa kwenye soketi. Kuanzia Januari 6 hadi 14, siku tisa, hita imekula uniti 27, yaani pauni 6.75. Usiku mbaya kuliko wote nje palikuwa nyuzi 5 chini ya sifuri. Nje ya kijumba, ndani ya banda, kipimajoto kilisoma 1. Ndani ya kijumba 11 na nusu. Niliamka saa 10 alfajiri kwenda kutazama, sikuweza kulala. Nilifungua pazia kidogo na ile hewa ya uvuguvugu yenye harufu ya udongo ikanipiga usoni, nikakumbuka uani kwetu mvua ikikatika.

Mpapai umekufa. Niliuingiza ndani nimechelewa, shina lilikuwa limeshaanza kuwa laini pale chini. Mndimu umemwaga majani sita na umetulia. Asumini zote mbili zina majani ya kijani, na ile ya mwaka jana ndiyo yenye afya zaidi.

Mzee, swali moja limebaki. Harusi ni Julai 18. Lini niongeze joto ili ziwahi kutoa maua?

MzeeWaShambani

Alhamdulillah. Usiwe na haraka, mchana ukiwa mfupi joto halisaidii. Wiki ya kwanza ya Machi pandisha hadi 16, na siku hiyohiyo shika mkasi, kata kila tawi theluthi moja. Najua itakuuma, lakini ua la asumini linatoka kwenye chipukizi jipya, tawi la zamani halikupi kitu. Badilisha udongo wa juu, anza mbolea majani mapya yakifika ukubwa wa ukucha. Mei katikati toa plastiki yote, zipate jua.

Na vitumba vya maua vya mwezi wa Juni vikianza mapema vichume, usiviache vikomae. Ukivichuma unalisukuma tawi litoe vingine.

BiAsumini

Nimeandika yote kwenye kalenda ya jikoni. Mkasi ninao. Nitakata, hata kama mkono utatetemeka.