Naomba ushauri: kupima maji ya ufukwe wa ziwa

Habari zenu wakuu. Ufukweni mwa ziwa wanapoogelea watoto wetu hakuna anayepima maji, hivyo napima mwenyewe bakteria wa E. coli, ambao ni dalili ya kinyesi majini. Nachota yanapofika magotini, chupa imezama kama sentimita 30, naiweka kwenye barafu, kisha sampuli inakaa saa 24 kwenye nyuzi joto 35 ili bakteria wakue na kuhesabika. (Utando wa kijani wa mwani, unaoweza kuwa na sumu, ni suala jingine, ukionekana, hakuna kuogelea.)

Kinachonitatiza ni majibu: sampuli za asubuhi moja, zilizopishana hatua chache tu, zinatofautiana mno, hasa baada ya mvua. Mwongozo wa Marekani wa 2012 wa maji ya kuogelea unataja wastani usiozidi E. coli 126 kwa mililita 100. Je, nichanganye sampuli kadhaa nipime mara moja, au kila moja peke yake? Na mvua kubwa ikinyesha, nisubiri muda gani kabla ya kuchota tena?