Naomba ushauri: mzee alitubu saa za mwisho, je, neema imemfikia?

Mzabibu2: Shalom wakuu. Niko Dodoma. Baba yetu hakukanyaga kanisani miaka mingi. Jioni moja wodini aliita mchungaji, akatubu, usiku uleule akatutoka. Ndugu wanasema hajafika popote, ati neema si ya dakika za lala salama. Sipati usingizi. Ameokoka au la?

Katekista: Pole sana mkuu. Soma Luka 23:43. Yule mhalifu msalabani hakubatizwa, hakutoa zaka, na bado aliahidiwa peponi siku ileile. Waefeso 2:8 inasema tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani. Mwachie Mungu mzee wako.

Mama Chang'ombe: Pole mwanangu. Mume wangu naye aliokoka akiwa hoi kitandani. Mimi niliyeimba kwaya tangu usichana nikaona wivu, kweli kabisa. Nilihangaika sana hadi nikakubali kwamba kibarua aliyeajiriwa saa kumi na moja jioni naye hulipwa dinari ileile ya walioanza asubuhi (Mathayo 20).

Mlutheri wa Makole: Walutheri na Wakatoliki waligombania jambo hili tangu karne ya 16. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, walitia saini tamko la pamoja: Mungu anatupokea kwa neema tu, si kwa stahili yetu, na tunampokea Roho anayetuita kwenye matendo mema. Hicho kipande cha mwisho wengi wanakiruka. Ila ndugu, mbona jamaa zako wana hasira hivyo? Kuna kitu hujasema.

Mzabibu2: Ni shamba la zabibu, Hombolo. Lilikuwa la shangazi. Alipofiwa na mumewe, mzee akalichukua. Lakini si ametubu? Deni limefutwa. Mimi sijamnyang'anya mtu. Tena mnunuzi ameshanipa advansi, nimelipia watoto ada.

Mtani wa Mpwapwa: Kumbe shida ni shamba! Zakayo, yule mtoza ushuru, alipotembelewa na Yesu aliahidi kurudisha mara nne alichodhulumu (Luka 19:8). Hakuwa ananunua wokovu. Neema ilikuwa imeshaingia nyumbani, ndiyo iliyomlegeza mkono. Yule wa msalabani hakupata nafasi. Wewe unayo.

Mzabibu2: Mzee mwenyewe wiki hiyo alimwomba shangazi shamba libaki kwangu, akakubali.

Mjukuu wa Kongwa: Wiki ipi? Si alitubu jioni akafa usiku? Na kama shangazi alikubali, ndugu wanagomba nini? Stori ya kutunga hii. Uzi ufungwe.

Mama Chang'ombe: Ametunga, hajatunga, wajane walionyang'anywa mashamba ninao mtaani kwangu. Paulo aliuliza: tudumu katika dhambi ili neema izidi? Akajibu, hasha (Warumi 6). Rudisha advansi, mwanangu.

Mzabibu2: Sijatunga. Shangazi alikuja siku chache kabla ya mchungaji. Hakusema ndiyo, alinyamaza tu. Keshokutwa tunaandikishana kwa mtendaji.

Mlutheri wa Makole: Basi nenda kwa shangazi leo, umuulize mkiwa wawili tu. Na mnunuzi aambiwe shamba lina mgogoro kabla hajatia saini.