Naomba ushauri: mpangilio wa kuwasha mashine pepe baada ya umeme kukatika

Assalaam alaykum ndugu zangu wataalamu.

Ninasimamia chumba cha seva cha ofisi moja hapa Chake Chake, chenye seva tatu za Proxmox (programu ya kuendesha mashine pepe) zinazobeba mashine pepe 14, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva, ambazo diski zake zote zimo katika hifadhi ya pamoja inayofikiwa kwa NFS, njia ya kutumia faili za kompyuta nyingine kupitia mtandao. Juzi usiku umeme ulikatika, jenereta ikakataa kuwaka, na betri zikaisha kabla sijafika. Umeme uliporudi, kila kitu kiliwaka kwa mkupuo: seva ziliamka kabla ya hifadhi, mashine zikatafuta diski zisizoonekana, na ile ya hifadhidata, ambayo ndiyo roho ya kazi zetu, ikasimama kwenye skrini nyeusi ikitaka fsck (amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili) iendeshwe kwa mkono. Niliinakili diski yake kwanza, ndipo nikaiendesha fsck. PostgreSQL, programu ya hifadhidata yetu, ikajirejesha yenyewe kutoka kumbukumbu zake za WAL (mabadiliko huandikwa humo kwanza), alhamdulillahi.

Sasa, katika mpangilio wa kuwaka wa Proxmox, nimeipa DNS (huduma ya kutafsiri majina ya mtandao) nambari 1, hifadhidata nambari 2 na programu nambari 3, kwa kusubiri sekunde 120 baina yao. Tatizo ni kwamba mpangilio huo hufuatwa ndani ya kila seva peke yake, na hifadhidata yangu haiko seva moja na programu zinazoitegemea.

Je, nizime kabisa mashine kujiwasha zenyewe, niziwashe kwa mkono baada ya kuhakikisha hifadhi imepatikana? Au iko njia ya kuaminika ya kuzifanya seva zote zingojee hifadhi, kisha zingojeane?