Wana wa Mkomani: mashua ya Jumamosi

JUMATATU

Tima 19:52
Assalaam alaykum jamaa. Wakwe wa Mombasa wanatua Lamu Alhamisi, wanarudi Jumapili asubuhi. Nimeshawaahidi machweo Jumamosi: mashua, mto wa Takwa kisiwani Manda, mikoko huku na huku. Watu 17, wakubwa 13 na watoto 4. Mchango 1,500 kila nyumba, tumeni kwangu. Majina nataka kesho kabla ya adhuhuri.

Tima 19:53
Mikeka ninayo. Haluwa na kahawa tungu nani?

Tima 20:31
Mwasoma mwanyamaza. Naona alama za bluu kumi na moja hapa.

Salim Nairobi 20:40
Waalaykum salaam. Mimi nihesabuni kwa dua.

Tima 20:40
Dua haijazi tangi la petroli, Salim.

Ami Athmani 21:05
Waalaykum salaam. Tima mwanangu, umetazama mwezi kabla ya kuahidi?

Tima 21:06
Mwezi wa nini Ami, twaenda kutazama jua.

Ami Athmani 21:14
Nasema mwezi ngapi. Leo ni mwezi 17. Siku ya Takwa ilikuwa leo: maji yamejaa saa 12 kasoro, jua limetua saa 12 na dakika ishirini na kitu. Unaingia mtoni saa 11 maji yakikusukuma, na yakigeuka tu unatoka nayo, hupigi hata kasia. Jumamosi ni 22. Bamvua, maji makubwa, imekwisha, ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Yatapwa saa 10 kasoro ya jioni, kujaa tena ni kama saa 4 usiku. Saa 12 mto wa Takwa kule ndani ni tope na mizizi.

Salim Nairobi 21:15
Kwa hiyo wakwe wangekuja leo 😂

Tima 21:16
Ami, si kuna injini?

Ami Athmani 21:22
Injini nayo yataka maji chini yake. Mtoni maji yakiwa ya goti, panga la injini lachota tope, tope laziba tundu la kuvuta maji ya kupoza, injini haikojoi. Ikiacha kukojoa dakika chache tu imeungua. Hapo ni kuinua injini na kushika upondo, mti wa kusukumia, na upondo kwenye tope wazama nusu, kuung'oa ni kazi kuliko kusukuma.

Salim Nairobi 21:23
Injini haikojoi?? Ipelekeni hospitali ya King Fahad 😂😂😂

Zuhura Msa 21:23
😂😂😂😂 ipewe maji ya dafu

Abdalla 21:24
Uwatu! Bibi alikuwa akisema uwatu

Tima 21:25
Jamani. Nauliza jaketi za kuokolea. Ami una ngapi?

Salim Nairobi 21:25
Na ikikojoa usiku je, tuitandikie mpira 😂

Nuru 21:26
🤣🤣🤣

Tima 21:40
Jaketi. Za kuokolea. Nauliza mara ya pili.

JUMANNE

Ami Athmani 6:10
Sabalkheri. Jaketi ninazo 14, zote za wakubwa. Mashua yangu ya futi 28 nitachukua abiria 10 na mabaharia 3. Saba waliobaki wataka mashua nyingine na mabaharia 2. Jumla vichwa 22. Zapungua nne za wakubwa na nne za watoto. Ya mkubwa usimvishe mtoto ukakaza kamba: akianguka yapanda usoni, yeye ateleza chini yake. Bila jaketi za watoto, watoto hawapandi.

Ami Athmani 6:12
Kisha Tima, acha Takwa. Nitakupa njia nyingine nikitoka sokoni.

Mwanaesha 9:48
👍

Tima 9:49
👍 ya nini Mwanaesha? Ya haluwa au ya jaketi?

Zuhura Msa 10:02
Lakini Takwa ndiyo waliyoambiwa. Mama mkwe keshawatangazia ndugu zake wote. Na mimi nilipanga twari na kirumbizi kidogo pale magofuni, na spika ndogo. Hakuna namna ya kuingia kwa mguu?

Ami Athmani 11:30
Namna ipo. Mashua yashusha watu ufukweni Manda upande wa Ras Kitau, mwafuata pwani kwa miguu. Safari ndefu, mchanga, na kurudi ni gizani na wazee wenye magoti. Kwa vijana sawa. Kwa mama mkwe hapana.

Ami Athmani 11:46
Sikilizeni njia yenyewe. Kusi bado lina nguvu. Jumamosi maji yanaanza kujaa saa 10, nayo yaingia kutokea Shela yakipanda mjini. Kusi nalo lavuma huko huko. Kwa hiyo mjini mpaka Shela ni kupingana na vyote viwili, na kubisha, kwenda mshazari kwa tanga kuupinga upepo, na abiria 10 kwenye mkondo ule mtafika usiku. Twende kwa injini, tanga limefungwa, tukae karibu na upande wa Manda ambako mkondo ni mwepesi. Tukifika mbele ya Shela tuzime, tutweke tanga, tuwachie. Upepo wa tezi, wa nyuma, na maji ya tezi, hakuna mawimbi ya kugongana, hata mwenye kutapika hatatapika. Mnarudi polepole, jua lashuka nyuma ya Amu kushoto kwenu, na mji wote uko mbele.

Abdalla 11:50
Hii nzuri. Kuliko mbu wa mtoni

Ami Athmani 11:52
Mbu tena ni nafuu. Mikoko ikikata upepo magharibi, usubi ndio hatari. Leso haizuii usubi.

Tima 11:58
Lakini mikoko wataiona wapi Ami? Niliwaambia mto.

Ami Athmani 12:07
Maji yakipanda kidogo, kama saa 12 kasoro robo, nitaisogeza mpaka mdomo wa mto. Mdomoni tu, hapo kina kipo hata kwa maji mafu. Wataona mikoko, watapiga picha, tutageuza. Ndani siingii.

Salim Nairobi 12:09
Mdomoni tu, kama dawa ya meno

Tima 12:10
Salim wallahi nitakutoa.

Tima 12:11
Haya. Tunaondoka saa 10 kamili gatini. Wanawake wana mabuibui na viatu vya kisigino, ngazi za gati zinateleza. Viatu vifunguliwe juu, vitiwe kwenye kikapu. Bwanaadi utasimama ngazini kuwashika mkono wazee. Bwanaadi?

Tima 12:40
Bwanaadi?

Ami Athmani 13:20
Ngazi ya chini kabisa ina mwani, isikanyagwe. Maji mafu hayapwi sana, mashua itafika karibu, mtu atapiga hatua moja. Aingie katikati, sio omo, mbele. Na asishike kamba yoyote asiyoambiwa ashike.

Ami Athmani 13:21
Hasa demani, kamba ya kushikia tanga.

Abdalla 13:22
😶

Zuhura Msa 13:24
Ami umeanza

Ami Athmani 13:30
Sijaanza. Nasema jambo la chombo. Demani haifungwi fundo. Yazungushwa mara moja kwenye kigingi, mwisho wake u mkononi mwa mtu. Upepo ukipiga ghafla waiachia, tanga lapumua. Ikiwa na fundo, chombo chalala, au tanga lapasuka kutoka kwenye dasi, kamba ya ukingo wake. Kitambaa kile cha tanga la Maulidi lililopasuka kilikuwa kipya.

Bwanaadi 13:41
Naona nimetajwa bila kutajwa. Fundo lile halikuwa langu. Na walioomba tanga la Maulidi wanajulikana, hawakuwa mimi.

Tima 13:43
Niliomba mimi, ndiyo. Niliomba kwa niaba ya nyumba nzima na kila mtu alipanda. Kwenye kulipa nikabaki peke yangu na elfu saba zangu.

Zuhura Msa 13:44
Sio peke yako, mimi nilileta nyama

Tima 13:44
Nyama haishoni tanga Zuhura.

*Bwanaadi amefuta ujumbe huu*

Tima 13:50
Tumalize la Jumamosi kwanza. Mashua ya pili ni ya nani?

Abdalla 15:15
Yule fundi wa Matondoni anayo, lakini iko pwani juu ya magogo, yapigwa kalafati, yazibwa nyufa za mbao.

Ami Athmani 15:32
Basi swali ni itashuka lini. Mashua iliyokaa juani siku nyingi mbao zake zimekauka zikaachana. Kalafati peke yake haitoshi. Ikishushwa itavuja kwanza, itakaa majini siku moja, mbili, mbao zivimbe zibanane. Ikishuka Jumamosi asubuhi, jioni wakwe watakaa wamekunja miguu na mtu yuko ngamani, chini ya chombo, atoa maji kwa kopo. Ishuke Alhamisi, si zaidi. Nani atamwambia?

Tima 15:33
Abdalla?

Tima 17:02
Abdalla?

Mwanaesha 17:45
Mimi haluwa kilo mbili. Kahawa siwezi, birika langu liko kwa Zuhura tangu Idi.

Zuhura Msa 17:46
Nilirudisha!

Ami Athmani 18:02
Kahawa iteleke nyumbani, itiwe kwenye chupa. Jiko la makaa litakaa kwenye mashua yangu tu, ndani ya karai lenye mchanga, upande wa tezi, na liwashwe tukiwa tumeshatweka. Samaki wa kuchoma, viazi karai, basi. Hakuna sahani ya mchuzi.

JUMATANO

Nuru 8:25
Assalaam alaykum wote. Niko kwa Babu. Nimemsomea yote. Ameniambia niandike kama anavyosema, nisipunguze.

Nuru 8:31
Babu asema: "Yeo ni siku ya ngapi mwazungumza usubi na haluwa. Tanga la watu mmelipasua, mwaka uko ukingoni, hamkulilipa. Sasa mwataka kutweka lingine mbele ya wakwe. Mkwe akiuliza tanga hili la nani, mtamjibu nini? Aliyelifunga fundo simtaki jina. Nyote mlipanda, nyote mwadaiwa. Athmani, mashua yako isitoke mpaka limalizwe."

Nuru 8:33
Babu asema tena: "Na Takwa hapapigwi twari. Wenye wazee wao Shela wajua walikotoka na huenda pale kuomba dua. Mwataka kuwaonyesha wakwe, wapelekeni siku nyingine mchana, wakate tiketi ya makumbusho, wasome fatiha, warudi. Spika iwacheni nyumbani."

Nuru 8:34
Ndiyo hayo. Sasa amelala.

Ami Athmani 9:10
Nimesikia Babu. Haitoki.

Zuhura Msa 9:42
Nimesikia. Nisameheni la spika. Ninatuma 2,000 za tanga sasa hivi.

Salim Nairobi 9:58
1,500 kutoka kwangu. Sina utani.

Mwanaesha 10:30
1,000. Nyingine mwisho wa mwezi.

Tima 10:44
Tanga lilikuwa elfu 18. Nilitoa 7, zilibaki 11. Zimeingia 4,500 leo. Bado 6,500. Ami, ukisubiri zote mashua haitoki Jumamosi na wakwe ninao mimi nyumbani. Zungumza na Babu.

Ami Athmani 11:20
Sizungumzi. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika usukani. Lakini nitaitayarisha. Nitatoa mifuko minne ya farumi, uzito wa kutuliza chombo, kwa kuwa abiria ni 10, nitabadilisha henza, kamba ya kutwekea tanga, imeliwa, nitaweka pini na plagi ya akiba ya injini, petroli lita 20 kwenye galoni mbili, taa mbili na filimbi. Waambie wakwe wakae chini mikekani, vichwa chini ya foromali, mti wa tanga. Nikigeuza tanga mbele ya mlingoti mtu asisimame omo kupiga picha.

Tima 11:22
Na Magharibi?

Ami Athmani 11:25
Yataadhiniwa tukiwa chomboni. Tukifunga gatini wakati bado upo. Tukichelewa wataswali hapo hapo wamekaa. Udhu watie nyumbani.

Tima 11:26
Jaketi nane bado. Nne za watoto. Nani ana mtu kwenye mahoteli ya Shela wa kutuazima siku moja?

Tima 12:15
Watu 23 kwenye kikundi hiki.

Abdalla 14:37
Samahani nilikuwa bila bando. Nimeonana na fundi. Asema kushusha Alhamisi anaweza kama atapata watu sita wa kusukuma maji yakijaa asubuhi, si baada ya hapo. Anataka jibu usiku huu.

Tima 14:38
Watu sita. Nani na nani? Andikeni majina hapa chini.

1. Abdalla

Abdalla 14:39
Mimi niko na mgongo lakini sawa

Nuru 15:05
2. Nuru. Babu ameamka, auliza zimefika ngapi.

Tima 15:06
Mwambie 4,500.

Nuru 15:09
Asema "hm".

Mzee Famau 18:20
Assalaam alaykum. Nilikuwa baharini. Takwa saa ngapi?

Tima 18:21
Ami Famau soma juu tafadhali.

Bwanaadi 21:50
👍

Tima 21:50
Bwanaadi 👍 ya nini? Ya kusukuma mashua, ya ngazi, au ya 6,500?