Promota ananilipa nauli elfu 20, anarekodi joki zangu, anakula hela YouTube, halafu ananipiga straiki mimi mwenyewe!

Wakuu habari za muda huu. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ile ya malalamiko ya bongo fleva, haya mambo ni tofauti kabisa na nitaeleza kwa nini.

Mimi ni mchekeshaji wa stendapu hapa Dar, huu mwaka wa nne, naishi Mbagala. Promota simtaji jina maana sina hela ya wakili, na msianze kukisia yale majina makubwa, ninayemsema wengi wenu hamumjui ila wachekeshaji wenzangu wakisoma mistari miwili tu watamjua.

Iko hivi. Shoo ipo Masaki, kiingilio cha kawaida elfu 20, VIP elfu 50, ukumbi unajaa mpaka watu wanaegemea ukuta. Sisi chipukizi tunakuwa saba, kila mtu dakika tano, afu wanapanda wenye majina. Shoo ikiisha tunapanga foleni nyuma ya spika, kuna dada ameshika bahasha, kila mtu anapewa elfu 20. Yaani mimi niliyesimama juu pale thamani yangu ni tiketi moja ya kiti cha nyuma. Saa sita usiku daladala hakuna, boda Masaki mpaka Mbagala anataka elfu 12 na hapo umebembeleza, ukitoa nauli ya kwenda na maji ya kunywa unafika nyumbani na elfu sita. Nilimfuata nikamuuliza bro hivi mkataba upo au tunaendaje, akanijibu mbele za watu, "mdogo wangu unataka mkataba hata jina huna?"

Sawa, nikameza. Kila mtu anakuambia vumilia, unajenga jina, na mimi sikatai kuanzia chini. Kabla ya shoo za stendapu kama Punchline ya Evans Bukuku na baadaye Cheka Tu kijana wa Dar alikuwa hana pa kusimama na maiki peke yake, komedi ilikuwa ni kundi, mavazi na kamera. Leo kuna vijana wametoka kwenye hizo steji wana majina makubwa na nawaheshimu sana. Kwa hiyo hasira yangu hata sio ile elfu 20.

Hasira yangu ni joki.

Watu wengi hamjui joki moja inavyotengenezwa mnadhani mtu anapanda tu anaropoka. Mimi nina joki ya luku. Mzee wa nyumbani umeme umekata, kanunua, meseji imekuja, anasomewa zile namba 20 anabonyeza gizani, nyumba nzima kimya hakuna kukohoa, imefika namba ya kumi na nane simu inaita, meseji imepotea kwenye kioo. Hiyo niliianza openi maiki moja Sinza, zile shoo ndogo za kujaribia joki, watu kumi na tano, nikawa namalizia "mama mwenye nyumba akapiga akauliza luku mmeweka". Watu walitabasamu tu. Wiki iliyofuata nikabadilisha sauti, hamna kitu. Nikazunguka nayo Sinza, Tabata, Kigamboni, karibu miezi minne, mpaka siku moja nikagundua kosa ni kwamba nimemtaja mama mwenye nyumba mapema. Nikaigeuza: simu inaita, mzee anapokea kwa hasira NANI WEWE?! Nanyamaza. Nahesabu moja mbili kichwani. Afu kwa sauti ya upole kabisa, "ni mimi mama mwenye nyumba... luku mshaweka?" Siku ya kwanza kuifanya hivyo kuna mama alipiga meza mpaka soda ikamwagika. Miezi minne kwa sekunde arobaini, na hizo sekunde arobaini ndo mtaji wangu, kama fundi cherehani na cherehani yake.

Sasa promota ana kamera tatu pale ukumbini. Hakuna aliyetuomba ruhusa, hakuna aliyetuambia zinaenda wapi. Siku tatu baadaye dakika zangu tano zote ziko kwenye chaneli yake YouTube, neno kwa neno, matangazo yanapita mbele na katikati, afu ile ya luku wameikata peke yake wameirusha TikTok na nembo yao kubwa usoni kwangu, jina langu hakuna. Ilivyofika watazamaji laki tatu na kitu nilipigiwa simu na ndugu zangu wa Tanga wanafurahi mtoto wetu umetoka. Umetoka wapi jamani, shilingi sijaiona.

Nikasema basi na mimi niiweke kwenye chaneli yangu, si mimi huyo? Sura yangu, maneno yangu, mama yangu mzazi mwenyewe yumo kwenye joki ya pili. Nikapakia. Siku ya pili nikaamka nimekula straiki ya hakimiliki, yaani kaniripoti YouTube kwamba nimeiba video yake, wakaitoa na kunipa onyo. Na mjue YouTube ukila straiki tatu ndani ya siku 90 chaneli inafungwa yote, mimi niko subscribers 800 na kitu nahangaika kufika 1,000 pamoja na yale masaa 4,000 ili na mimi niruhusiwe matangazo, halafu anayetaka kunifungia ni mtu anayenilipa nauli. Nilimpigia, akasema video ni mali ya kampuni, kamera ni zake. Kamera ni zako sawa, na joki je? Mimba ni ya kwangu wewe umekodisha chumba cha kujifungulia unachukua mtoto?

Na hapa ndo naposema sisi sio kama wanamuziki. Msanii wa singeli wimbo ukisambaa bure angalau ukumbini anaombwa arudie. Sisi ukishasikika umekwisha. Mwezi wa nane nilipata sendofu Morogoro, laki tatu na nusu, kwangu hiyo ni kodi ya miezi mitatu na chenji inabaki. Nikapanda, nikaingia na luku maana ndo silaha yangu, nimefika namba ya kumi na nane, nimenyamaza, nahesabu moja mbili, kaka mmoja meza ya mbele kavaa kaunda suti ya bluu akapaza sauti "ni mama mwenye nyumba huyo!" Ukumbi wote ukacheka, wakamcheka yeye na kumpigia makofi. Hakukosea, aliipenda ile klipu akaikariri. Ila mimi nilibaki nimeshika maiki na dakika ishirini mbele yangu na nusu ya vitu vyangu vyote wameshaviona kwenye simu. Kamati ilinilipa laki mbili, mwenyekiti akasema kwa upole kabisa kijana siku nyingine uje na vitu vipya. Vitu vipya natoa wapi wiki tatu baada ya kuibiwa vya miezi minne?

Afu mtu aje hapa aseme ni uvivu.

Wakuu hili sio geni nchi hii. Wachekeshaji kina Joti na Masanja walipotoka televisheni ya EATV kwenda TBC jina la kundi lao, Ze Comedy, halikwenda nao, ikabidi wawe Orijino Komedi, na hao nchi nzima ilikuwa inawajua. Mzee Majuto, Mungu amrehemu, aliyetuchekesha sisi na wazazi wetu, 2018 yuko kitandani anaumwa ndo watu wanaanza kuulizana matangazo yote yale alilipwa nini, mpaka waziri wa wakati ule Mwakyembe akaunda kamati ipitie mikataba ya wasanii. Agosti mwaka huohuo tukamzika. Kama Majuto ilibidi aundiwe kamati, mimi wa Mbagala nitasikilizwa na nani?

Na sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, nimeisoma mwenyewe kwenye simu usiku wa manane, hiyo hakishiriki ndo yetu sisi tunaopanda jukwaani, anayetumbuiza ndo mwenye kuruhusu kurekodiwa. Ila ukienda kuuliza unaulizwa swali moja tu, karatasi iko wapi? Karatasi hakuna, kuna meseji ya WhatsApp, "kesho saa 12 jioni usichelewe vaa smati". 2025 tumefanyiwa tuzo za komedi pale Super Dome mpaka Rais kaja, nilikaa naangalia kwenye simu nikafurahi kwa kweli, tasnia imekua, lakini huku chini tunakoanzia bado bahasha nyuma ya spika.

Najua kuna watakaosema anzisha shoo yako. Tumejaribu, mimi na wenzangu watatu, baa moja Tabata, Jumatano usiku, kiingilio elfu 3. Spika za kukodi, kibali, mwenye baa anataka watu wanywe na watu wetu wengi ni wanafunzi wa chuo wananunua soda moja wanashea. Wiki ya sita mwenye baa akawasha mpira, ikaishia hapo.

Ninachotaka sio kikubwa. Promota, nilipe hiyohiyo elfu 20 nitakuja, ila kurekodi uniombe, klipu iwe dakika moja ninayochagua mimi sio dakika zote tano, jina langu liandikwe, na hela ya matangazo tukubaliane hata asilimia thelathini. Na hiyo straiki uiondoe leo. Kama kuna mtu humu alishawahi kupinga straiki ya YouTube akashinda naomba anieleze alijaza nini, nasikia ukipinga na yeye akakaa kimya siku kumi za kazi video inarudi, lakini naogopa akikaza nafanyaje maana yeye ana kampuni mimi nina simu tu. Na wanasheria mliopo humu naomba mnisaidie mfano wa mkataba wa ukurasa mmoja wa Kiswahili, nitauchapisha nakala kwa kila chipukizi ninayemjua.

Jumamosi hii ameniita tena. Meseji ileile, saa 12 usichelewe. Nimemjibu bro naomba tuandikishiane kwanza habari ya kurekodi. Tangu juzi tiki mbili za bluu, hajajibu, na leo mchana nimeona posta mpya imetoka, kwenye nafasi yangu kuna dogo wa Gongo la Mboto ambaye ndo anaanza, ana joki moja nzuri sana ya babu yake na mwendokasi. Nimempigia nimemwambia hiyo Jumamosi usiifanye, ibakize.