Naomba ushauri: mayai mapya yananyofoka yakimenywa

Habari zenu wakuu. Nauza mayai ya kuchemsha na kachumbari hapa Mbagala, nachemsha trei nzima kwa mkupuo. Mayai yanatoka bandani siku hiyohiyo, na upya huo ndio tatizo: ute bado una hewa ukaa nyingi, unashikana na utando wa ndani ya ganda, ukimenya unanyofoka vipande. Ya wiki moja hayasumbui, ila friji sina, na joto la Dar mnalijua.

Nayatumbukiza kwenye maji yanayochemka, dakika 11, kisha maji ya barafu. Afadhali kidogo. Chumvi haikusaidia kitu.

Je, kuyapika kwa mvuke kunafaa kwa mayai mapya hivi? Na kwa mayai 30, maji lita ngapi ili yasipoe sana nikiyatia?