Naomba ushauri: hedifoni za Stax za mtumba kutoka Japani, nichukue seti nzima au nichukue hedifoni tu ampu nijenge mwenyewe?

KandaZaTanga:
Habari za jioni wakuu. Naombeni mnivumilie jambo lenyewe ni refu kidogo na hapa Tanga sijapata mtu wa kukaa naye tukaliongea.

Marehemu baba ametuachia maboksi mawili ya kanda za taarab, nyingi za enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, na nyingine alirekodi mwenyewe kwenye harusi za mtaani. Tangu mwaka jana nazihamishia kwenye kompyuta moja moja na kuzipunguza ile kelele ya shhh. Sasa shida yangu ni hii, nikisafisha kwa hedifoni zangu za kawaida nasikia iko poa kabisa, nikienda kusikiliza kwa rafiki yangu mwenye spika nzuri nakuta sauti ya mwimbaji imeliwa, zile "s" na "sh" zimekatika na gitaa kama linapigwa nyuma ya pazia. Nimeshaharibu kanda nne hivyo, namshukuru Mungu nakala ya kwanza huwa naiacha bila kuigusa.

Kaka yangu yuko Nagoya, mwezi uliopita kanitumia picha kutoka duka la mtumba, hedifoni za kampuni ya Stax ya Japani, Lambda Pro, pamoja na ampu yake SRM-1/Mk2 yen 45,000, kama laki saba na nusu hivi ya kwetu kabla ya usafiri na ushuru. Hedifoni peke yake duka linatoa yen 22,000. Mimi nimesomea umeme na natengeneza redio miaka kumi sasa, nikawaza nichukue hedifoni tu halafu ampu nijenge ile KGSSHV ambayo mchoro wake upo mtandaoni. Ila naogopa mambo mawili, umeme wetu na huu unyevu wa pwani. Mwenye uzoefu naomba anishike mkono.

FundiWaValvu:
Karibu mkuu, na pole kwa msiba hata kama ni wa zamani. Chukua seti nzima. Nakwambia hivyo nikiwa nimejenga KGSSHV na ipo mezani inapiga mpaka leo.

Hedifoni za kawaida zina koili na sumaku, simu inatoa volti 1 hivi na unasikia. Hizi hazina koili wala sumaku, kuna utando wa plastiki wa mikroni moja au mbili, unywele wa mtu ni kama mikroni 70 ujipimie mwenyewe, umekaa katikati ya sahani mbili zenye matundu na nafasi ya nusu milimita kila upande. Utando unachajiwa volti 580 muda wote, hiyo ndiyo bayasi ya Pro, halafu sauti inaingia kwenye zile sahani mbili ikiwa ni volti mia na kuendelea, sahani moja inavuta nyingine inasukuma. Ndiyo maana zile "s" zako utazisikia, utando hauna uzito wa kuuchelewesha kuanza wala kusimama.

Volti 580 ya bayasi yenyewe inapita kwenye rezista ya karibu megaohmu 5 kwa hiyo mkondo wake ni mdogo mno. Kinachoua ni umeme mkuu wa ampu. KGSSHV ina volti 400 au 450 za chanya na nyingine kama hizo za hasi, ukigusa huku na huku ni volti 800 na zaidi kifuani mwako na kapasita zinabaki zimeshiba hata ukishachomoa plagi. Na usitegemee ile swichi ya kukata umeme ukivuja ya kwenye bodi ya nyumba, pale upo nyuma ya transfoma, ule umeme haurudi kwenye eathi ya nyumba kwa hiyo swichi haioni kitu, utakufa na swichi iko on.

Halafu spea. Transista za volti kubwa alizotumia mchoraji nyingi hazitengenezwi tena, 2SA1968 kwa mfano feki zimejaa. Mimi niliagiza seti ya kwanza zikafika nzuri za kung'aa, nikawasha, mbili zikapasuka palepale na kuchukua rezista na njia za bodi. Nilikaa miezi mitatu nasubiri nyingine. Ukitaka kujenga jenga baadaye, ukiwa tayari una ampu nzima ya kulinganisha nayo na hedifoni unayojua ni nzima, maana ukijenga ampu mpya ukachomeka hedifoni ya mtumba hujawahi kuisikia na sauti ikatoka mbaya utamlaumu nani?

MwanaMvita:
Salaam ndugu yangu wa Tanga. Mimi niko Mombasa na Lambda Pro yangu ina miaka sita mkononi kwa hiyo hili la unyevu nilijibu mimi.

Unyevu haumuui Stax siku moja. Unachofanya ni kuiba chaji, utando ukiwa na unyevu na vumbi la chumvi chaji inavuja na upande mmoja unaanza kuwa chini kuliko mwingine, au unasikia mlio mwembamba kama mbu. Mara ya kwanza nilidhani imekufa, nikaifungia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana pamoja na silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, nusu kilo siku tatu, ikarudi sawa. Tangu hapo inalala kwenye ndoo kila usiku, na zile punje zikibadilika rangi nazikausha kwenye ovena moto mdogo. Usiiache mezani na usiiweke karibu na dirisha la upande wa bahari.

Nyingine, kabla ya kusikiliza iwashe dakika 20 au 30 pande zote zichajike sawa ndipo uamue kama ina kasoro. Na ukiibana kichwani ukasikia kama inatoa pumzi "prrr", usishtuke, ni utando unasukumwa na hewa iliyobanwa sikioni, Stax nyingi hufanya hivyo.

Mwambie kaka aangalie sponji ya ndani, ile nyembamba iliyo nyuma ya mto wa sikio. Lambda za miaka ya 80 ile sponji huoza ikawa unga, na unga ukipita kile kitambaa cha plastiki cha kuzuia vumbi ukaingia kwenye sahani basi utasikia kelele za kukwaruza hadi uchoke. Ikiwa imeoza lakini kile kitambaa hakijatoboka, itolewe polepole hedifoni ikiwa imeinamishwa, isipulizwe kabisa.

Halafu ahesabu pini za plagi. Pro ni pini 5. Zikiwa 6 ni Lambda ile ya kwanza ya 1979 yenye bayasi ya volti 230, nayo ni nzuri lakini haingii kwenye soketi ya Pro, na wauzaji wengi hawajui tofauti, wanaandika Lambda basi.

Bint_Kilwa:
Kaka samahani nitasema tofauti kidogo na wenzangu, si kwa ubaya. Nafanya kazi ya kuhifadhi sauti na kanda nimezishika nyingi. Kabla ya laki saba na nusu kwenda Japani, pembe ya hedi ya deki yako, ile sehemu inayosoma kanda, umeirekebisha lini? Kanda za nyumbani zilirekodiwa kwenye deki tofauti tofauti, kila moja hedi yake imeinama kivyake, na ukicheza kanda ambayo pembe haijalingana sauti za juu zinapotea kabla hata hujaanza kusafisha. Hapo hata ukivaa Stax ya bei gani huwezi kusikia kitu ambacho hakijatoka kwenye kanda. Kuna skrubu ndogo pembeni ya hedi, weka kanda, sikiliza kwa mono, zungusha polepole mpaka "s" iwe kali kuliko zote, hapo ndipo urekodi. Fanya hivyo kwa kila kanda. Na safisha hedi kwa spiriti.

Pia hedifoni kama Sennheiser HD 600 zingekutosha kwa kazi hii, hazina volti za kutisha na spea zake zipo.

KandaZaTanga:
Dada Bint_Kilwa asante sana, nimefanya leo kwa kanda moja na mikono inatetemeka. Gitaa limerudi. Kweli nilikuwa najisafishia kitu ambacho nimekipoteza mwenyewe pale kwenye deki. Sasa naona kanda zote nilizohamisha mwaka mzima inabidi nirudie, lakini heri.

Ila bado hizi Stax zimenikaa moyoni. HD 600 nimewahi kuazima wiki mbili na nazikubali, lakini zile alama ndogo ndogo ambazo programu ya kusafisha inaacha, kama maji yanachuruzika nyuma ya sauti, nilikuwa sizisikii vizuri. Wenye nazo mnasemaje kwa hilo?

FundiWaValvu:
Hilo ndilo Stax inalofanya kuliko nyingine nilizowahi kuvaa. Utasikia pale mwimbaji anavuta pumzi na pale programu imekata pumzi ikadhani ni kelele. Besi haitakupiga kichwani kama ulivyozoea, ila ipo na imenyooka. Angalizo ni kwamba ziko wazi pande zote, feni ya dari ikiwa inazunguka utaisikia yote, na kwa joto la Tanga itabidi ufanye kazi usiku au alfajiri.

AbuSalim_Maskati:
Assalaam alaykum. Mimi natumia SR-L300 na ampu ndogo SRM-252S hapa Maskati, nikija Unguja nabeba zote kwenye begi la mkononi. Nataka kumwambia ndugu kwamba akishindwa kupata ile ya mtumba, hii ndogo inatumia adapta ya nje ya volti 12 DC, kwa hiyo mambo ya volti 100 za Japani hayakuhusu, unatafuta adapta ya 240 yenye volti 12 na pini inayofanana basi, cha muhimu uangalie chanya na hasi ziko wapi. Umeme ukikatika shambani kwetu nimeitumia kwa betri ya sola, lakini si moja kwa moja, betri ikiwa inachajiwa inapanda hadi volti 14 na zaidi, nimeweka regyuleta ya kuzuia volti zisipande katikati. Haina nguvu kama SRM-1/Mk2, ukipandisha sana taarab yenye ngoma unaisikia inabana, kwa sauti ya kawaida ni nzuri mno.

Nai_Sauti:
Niaje wadau. Mimi ni ule msee wa kujenga vitu, na nimejenga hedifoni zenyewe, sio ampu. Sahani nilikata kwa bodi za saketi nikatoboa matundu, spesa za nusu milimita, na utando ni shiti ya plastiki ya mikroni 3. Kuivuta ikazike bila mikunjo nilitumia tyubu ya baiskeli, unabandika shiti juu ya tyubu kwa tepu, unapuliza pole pole na pampu, tyubu ikifura inavuta shiti pande zote sawa. Shida ilikuwa ile rangi ya kupaka utando. Inafaa ipitishe umeme kidogo sana, ikipitisha mob chaji inakimbia kimbia juu ya utando na besi inaharibika, isipopitisha haichajiki. Nilianza na unga wa grafaiti nikisugua na pamba, nikarudia mara tano. Hapa Nairobi kukavu ilikubali, nikaipeleka Malindi Disemba upande wa kushoto ukanyamaza. Kwa kazi serious ya kanda za mzee wako usijenge, bro, nunua.

KandaZaTanga:
Nimewaelewa, nachukua seti. Sasa hili la umeme. Madukani hapa zipo transfoma za kushusha 220 kuwa 110, zile za kutumia vitu vya Marekani. Inatosha?

FundiWaValvu:
Hapana, usiichomeke hiyo. Ile inagawa kwa mbili, na usiku watu wakilala umeme wako unaweza kufika 240, utapata 120 kwenye kifaa cha volti 100, ni asilimia 20 zaidi, na mle ndani kila volti inapanda kwa kiwango hichohicho kwenye kapasita zenye miaka karibu 40. Nenda kwa fundi wa kusuka transfoma akusukie ya 240 kuwa 100, VA 100 inatosha kabisa, koili ya kuingiza na ya kutoa ziwe mbili tofauti siyo moja yenye tapu, yaani waya uliochomolewa njiani. Hezi usiwaze, Japani yenyewe mashariki ni 50 na magharibi ni 60, vifaa vyao vinakubali zote.

SRM-1/Mk2 nyingine zina waya ndani za kuhamisha volti, ukifungua ukakuta zimechorwa wazi kwenye bodi utaweza kuipeleka kwenye 240 bila transfoma. Usipoona maandishi usibahatishe. Na ukifungua, chomoa, subiri dakika kumi, pima kila kapasita kubwa kwa mita kwanza, kama bado ina volti imwage kwa rezista ya kilohmu 10 wati 5 iliyofungwa kwenye waya mrefu, pima tena. Mkono mmoja mfukoni. Wewe ni fundi najua unajua, lakini redio yako ya volti 12 imekuzoesha kugusa.

MwanaMvita:
Naongeza, kuchomeka na kuchomoa hedifoni fanya ampu ikiwa imezimwa na sauti imeshushwa. Na usisafishe kwa kitambaa chenye maji.

KandaZaTanga:
Mrejesho wakuu. Kaka amerudi dukani jana. Plagi ina pini 5. Sponji ya ndani upande wa kulia imeanza kuwa unga, kushoto bado, kitambaa cha vumbi kizima pande zote alimulika na tochi ya simu. Walimruhusu asikilize nusu saa nzima, nikamtumia wimbo mmoja wa kanda za baba wa mono, anasema sauti ilikaa katikati ya kichwa mwanzo hadi mwisho haikuhama. Kwa sababu ya sponji wamepunguza hadi yen 41,000 amelipa. Itakuja na boksi la spea za gari la rafiki yake.

Fundi wa transfoma nimempa kianzio leo, ndoo na silika jeli ninazo tayari. Bint_Kilwa nimeshafika kanda ya saba kwa ile skrubu. Hiyo ya saba ni harusi ya shangazi, na kabla ya wimbo kuanza anasikika baba anawaambia watoto wasogee mbali na maikrofoni. Kwenye nakala ya mwaka jana maneno hayo nilikuwa nimeyafuta pamoja na kelele.

Bint_Kilwa:
Kaka hiyo usiisafishe kabisa. Iache hivyo hivyo na nakala nyingine weka mahali tofauti na kompyuta yako leo leo, usisubiri Stax zifike.